Nimestaafu Umarehemu

Wadogo zangu watatu mliokuja mezani kwangu juzi mkaniuliza mtu anaanzaje kazi ya kuwa mzimu, samahani sikuwajibu. Nilisema "rudini Ijumaa" kwa sababu nyie mlikuwa watatu na mimi nilikuwa mmoja. Maneno yangu ya mdomoni ni machache. Ya kwenye karatasi yanachukua muda, lakini yanafika. Haya hapa, msomeane.

Kwanza mjue kwamba nimestaafu. Ndiyo, nina miaka ishirini na saba. Lakini umarehemu nimeufanya miaka sita, na mtu aliyekufa mara nyingi kama mimi anahesabiwa mtu mzima. Mama ntilie wa pale kona mpaka leo ananiita kwa sauti, "Marehemu, chai yako inapoa!" Wageni wa mjini wakisikia hivyo hugeuka, na wakiniona nanyanyuka kwenda kuchukua kikombe, hukumbatia mikoba yao.

Nilipomaliza darasa la saba nilihangaika na hiki na kile, mwishowe nikauza soksi Mtaa wa Kongo. Mnajua kazi ile, bila kuita huuzi. Wenzangu waliimba, walipiga makofi, wengine waliwashika wateja mikono. Mimi nilisimama na soksi begani, kimya. Watu walidhani nalinda soksi za mtu. Siku moja jamaa mwembamba mwenye kofia alisimama mbele yangu akanitazama kama anayechagua tikiti maji.

"Dogo, umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Hujasogea?"

"Hapana."

"Kuongea je, unapenda?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi soksi umepotea njia," akasema. "Nina kazi yako."

Huyo ndiye Kaka Sudi, mtengeneza filamu. Alikuwa na kamera moja, taa mbili na huzuni moja kubwa. Huzuni yenyewe ilikuwa hivi: alitengeneza filamu za kutisha, na watu walicheka. Ya kwanza walicheka mwanzo mpaka mwisho. Ya pili walicheka mpaka mwenye kibanda cha video akaionyesha tena wiki iliyofuata na kuandika kwenye ubao wa nje, VICHEKESHO. Kaka Sudi alikaa siku mbili bila kula.

Sasa, kaka yake mkubwa, Bwana Seif, ana duka la mapazia. Alikuwa amemwekea mdogo wake tepu ya kupimia madirisha, ameitundika kwenye msumari, inamsubiri. Kaka Sudi akaapa mbele yake kwamba atatengeneza filamu ya tatu, na hiyo ikichekesha, kamera anauza na anaishika tepu mpaka uzee. Bwana Seif akasema, "Nitakuja kuitazama mwenyewe. Nikisikia kicheko, Jumatatu unaanza." Na mimi nilijua kwamba Kaka Sudi akienda kwenye mapazia, mimi narudi kwenye soksi. Kwa mtu asiyeweza kuita mteja, hicho ndicho kilichokuwa cha kutisha kuliko filamu yoyote.

Filamu yenyewe iliitwa *Baba Mwenye Nyumba Karudi*. Mzee alikuwa na nyumba yake ya zamani hapa Kariakoo, ya vyumba sita na ukumbi katikati. Alipofariki, nyumba ikavunjwa, likajengwa ghorofa. Chumba chake cha kulala sasa ni stoo ya muuza ndoo. Mzee anarudi kulala, anakuta ndoo. Mimi ndiye mzee. Sikuwa na neno hata moja la kusema, na nilishukuru sana.

Somo la kwanza ni nguo. Mzimu wa kwetu havai shuka la kitandani, wadogo zangu. Nilitumwa kwa Mzee Jayanti, muuza vitambaa, kununua bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Mimi nilidhani unaingia, unaomba, unatoka. Kumbe Mzee Jayanti ameuza bafta maisha yake yote na ana utaratibu wake. Nilipotamka tu "bafta," akavua miwani, akashusha sauti ya redio.

"Pole sana, kijana. Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume."

"Mrefu?"

"Kama mimi."

"Mnene?"

"Kama mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Pacha wako?"

Hapo ndipo mtu mwenye mdomo angeeleza habari za filamu. Mimi nikasema, "Hapana, ni mimi mwenyewe."

Mzee Jayanti akavaa miwani. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. Akasema taratibu, "Kaa chini, mwanangu, upewe maji." Nilikaa nusu saa. Walikuja mke wake, karani wake na jirani wa duka la vifungo, wakanisihi nisikate tamaa ya maisha. Nilipofanikiwa kusema neno "filamu," walinifukuza wote kwa pamoja, ila bafta nilipewa. Kwa hiyo, mnaponunua sanda ya kazi, semeni ni kitambaa cha kuwekea ndani ya koti.

Somo la pili ni sura. Mpambaji wetu alikuwa Bi Tatu, shangazi yake Kaka Sudi. Bi Tatu alikuwa mpambaji wa maharusi, tena anayegombewa. Mikono yake ilikuwa myepesi na jicho lake halikosei, lakini alikuwa na kasoro moja kwa kazi yetu. Hakuweza kumfanya mtu awe mbaya.

"Shangazi, huyu amekufa miaka arobaini," Kaka Sudi alimwambia. "Mbona nyusi zimechongwa?"

"Kwani kufa ndiyo uchafu?"

"Na hina kwenye vidole?"

"Nimepitiwa. Mkono umejiendea."

"Shangazi, atishe! Atishe!"

"Sikiliza wewe. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyetoka mikononi mwangu akiwa mbaya, na sianzi leo kwa ajili ya ndoo za watu."

Basi nikawa mzimu mzuri. Nywele nyeupe za pamba, ndevu nyeupe, nyusi za bibi harusi. Bi Tatu ndiye aliyenifundisha mambo yote ya maana, pamoja na habari ya unga. Siku ya majaribio nilijipaka mwenyewe unga wa ngano usoni nipauke, kisha nikakaa chini ya taa. Jasho likatoka. Unga ukashika. Nilipojaribu kufungua mdomo, shavu moja likanyanyuka lote. Bi Tatu akanitazama akasema, "Ongeza chumvi na mafuta, tukuweke kwenye chuma tupate chapati." Tumieni poda, tena chini yake mpake mafuta ya nazi kidogo sana. Na damu msitengeneze kwa juisi ya rosela yenye sukari. Nzi hawajui kwamba ni filamu.

Somo la tatu ndilo kubwa, na hatukulijua mpaka lilipotukuta.

Stoo tuliipata kwa Mangi. Nyie mnamjua, ni huyu huyu muuza ndoo na mabeseni ya jumla, mwenye kifua kama kabati. Alitupatia stoo yake Jumapili moja tu, kuanzia anapotoka kanisani mpaka jioni, kwa sababu Jumatatu alikuwa anapokea kontena kutoka bandarini na stoo ingejaa hadi dari. Hakutaka malipo. Alitaka kuonekana. Akapewa nafasi ya mwenye stoo anayeingia na kumkuta mzimu. Kwenye karatasi ya Kaka Sudi iliandikwa hivi: *Mangi anamwona mzimu. Anapiga ukelele. Anazimia.*

Tulifunga milango ya chuma, tukatundika mapazia meusi ya Bwana Seif, giza likawa la kutosha. Nikajificha nyuma ya ndoo. Kaka Sudi akasema "Haya!" Mangi akaingia akihesabu mabeseni. Nikainuka taratibu, mikono mbele, sanda inaburuzika. Mangi akageuka, akaniona. Akashtuka kweli, nilimwona. Halafu akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Sasa nyie mmelelewa kama mimi. Mtu wa umri wa baba yako anakuamkia wewe shikamoo, unafanyaje? Nilijisikia aibu ya kufa. Magoti yakajikunja yenyewe, nikasema, "Shikamoo, Mangi!"

"Katiii!" Kaka Sudi akapiga kofia chini. "Mangi! Mzimu hasalimiwi!"

"Mtu mzima yule," Mangi akasema. "Huoni mvi zile?"

"Amekufa!"

"Kufa amekufa, lakini ni mtu mzima. Tena umesema ndiye mwenye nyumba. Mimi nitaingiaje chumbani kwa baba mwenye nyumba nisimwamkie? Mama yangu bado yuko hai kule Kilimanjaro, ataiona filamu hii."

"Kwenye karatasi imeandikwa upige ukelele."

"Mimi? Nipige ukelele mbele ya wateja wangu wa jumla? Kesho nitamuuzia nani ndoo?"

Wakabishana. Bi Tatu akawa ananirudishia nyusi. Tukarudia. Nikainuka, Mangi akageuka, akashtuka, akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Safari hii niliuma ulimi. Sikusema shikamoo, na marahaba nayo sikuweza, ningeanzaje kumwitikia marahaba mtu anayeninunulia chai? Nikabaki kimya, namtazama. Mangi akasubiri. Akageukia kamera. "Mbona haitikii?"

"Katiii!"

Kontena lilikuwa njiani, jua lilikuwa linashuka, betri ya kamera ilikuwa inapiga mlio wake wa mwisho. Kaka Sudi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kwenye viganja. Nilimsikia akisema peke yake, "Mita mbili na nusu kwa mita moja na nusu." Tayari alikuwa anapima madirisha. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Fanyeni mnavyojua. Mangi, sema unachotaka. Ila usiitazame kamera."

Nikainuka mara ya tatu. "Shikamoo, mzee," akasema Mangi. Sikujibu. Akasogea hatua moja, akadhani labda mzee hasikii vizuri. "Shikamoo." Sikujibu. Nilikuwa nimesimama kama nilivyokuwa nikisimama na soksi, na hilo nilikuwa nalijua kuliko kitu chochote duniani. Hapo niliona kitu kwenye uso wa Mangi. Yale maigizo yalimtoka. Alinijua mimi ni nani, alijua pamba za ndevu zimetoka duka gani, lakini hakuwahi kuamkia mtu mara mbili akanyamaziwa, tena akitazamwa. Akasema mara ya tatu, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa nyumba asiyoijua, "Shikamoo?"

Kimya. Beseni likamponyoka mkononi, likazunguka sakafuni muda mrefu mpaka likatulia. Betri ikaisha.

Filamu ilionyeshwa kibanda cha video cha Buguruni, Jumamosi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mapazia yale yale. Bwana Seif alikaa mbele na tepu yake ameivaa shingoni kama medali. Mangi alikuja na suti. Mimi nilijibanza kwenye benchi za nyuma, karibu na ukuta. Kaka Sudi alisimama mlangoni, hakuweza kukaa.

Walicheka, wadogo zangu. Walicheka nilipotokea. "Oyaa, mzimu katoka saluni!" Waliicheka hina. Kila kicheko Bwana Seif aligeuka kumtazama mdogo wake na kugusa tepu. Ikafika sehemu ya stoo. Mangi wa kwenye skrini akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Kibanda kizima kikaangua kicheko, mtu mmoja akalala chini kabisa. Nilimwona Kaka Sudi akifumba macho.

Mzimu hakujibu.

"Shikamoo." Wakacheka tena, ila wachache. Mama mmoja akasema, "Jamani, amwitikie basi." Mzimu hakujibu. Waliokuwa wanatafuna karanga nikawasikia wanaacha, mmoja mmoja. Sijui niwaeleze vipi ukimya ule. Watu mia wamelelewa nyumba mia, na kila mmoja anangoja neno moja ambalo haliji. Mangi wa kwenye skrini akasema mara ya tatu, "Shikamoo?" Na beseni likaanza kuzunguka.

Sikupanga, naapa. Salamu ya Mangi ilikuwa inanidai tangu siku ile ya stoo. Deni la salamu si kitu cha kukaa nacho. Neno likanitoka lenyewe kule nyuma gizani, taratibu, la chini, kama mzee aliyechoka:

"Marahaba."

Benchi zote zilipinduka kwa pamoja. Nakumbuka suti ya Mangi ikinipita, na kitu kimoja kiking'oka ukutani, ambacho baadaye tuligundua kilikuwa ni mlango. Nilibaki peke yangu na Kaka Sudi aliyekuwa amebanwa nyuma ya mlango huo. Huko nje watu walipiga kelele, kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakakaa chini, halafu mmoja akisema "marahaba" wanakimbia tena.

Kaka Sudi akatoka, akamfuata kaka yake aliyekuwa upande wa pili wa barabara na ndala moja.

"Kaka. Walicheka?"

Bwana Seif alihema kwanza. "Mle ndani mwishoni? Mimi sijui. Mimi sikuwepo." Akavua tepu shingoni, akaiangalia, akaiweka mfukoni. "Jumatatu nitapima mwenyewe."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu miaka yote iliyofuata. Filamu ikienda kibanda fulani, na mimi naenda, nakaa gizani, nasubiri, naitikia. Neno moja tu kwa siku. Hamtapata kazi nzuri kuliko hiyo.

Siri zake ni hizi. Msikae benchi la mwisho, maana waliokwisha kusikia habari huwa wanatazama pale. Kaeni la tatu kutoka nyuma. Msihesabu sekunde, sikilizeni karanga. Kutafuna kukiisha, vuteni pumzi moja zaidi. Na msiitikie kwa kutisha, hata kidogo. Itikieni kama mtu aliyesalimiwa na akafurahi. Wengine mnadhani mzimu ni sauti nzito. Watu wanakimbia kwa sababu mmekuwa na adabu.

Mimi mwenyewe nilikimbia mara moja. Mzee Jayanti, alipokwisha kunisamehe, alitualika kwake Upanga, ghorofa ya tatu, tuwaonyeshe wajukuu. Nikajiweka nyuma ya kochi. Mangi wa kwenye skrini akasema shikamoo ya tatu, nikavuta pumzi yangu, na kabla sijafungua mdomo, sauti ya kizee ikasema nyuma yangu, "Marahaba, mwanangu." Nilifika chini kabla ya wajukuu wote. Alikuwa mama yake Mzee Jayanti, yuko jikoni, amesikia mtu anaamkia na hakuna anayeitikia, akaona watoto wa siku hizi hawana malezi.

Nimestaafu kwa sababu ya simu. Vibanda sasa vinaonyesha mpira, na filamu mtu anatazama peke yake na vitu masikioni. Kaka Sudi aliirekodi "marahaba" yangu akaiweka ndani ya filamu. Watu wanaandika hahaha. Bila mtu nyuma yako haifanyi kazi, na mimi siwezi kwenda kukaa nyuma ya kila simu ya Bongo. Yeye anaendelea na filamu fupi za kwenye simu, sasa anataka wacheke, na wengine wanaandika kwamba wameogopa kulala. Ameshazoea.

Mimi nimerudi kwenye soksi, safari hii na meza, kwenye baraza la duka la Mangi. Sihitaji kuita. Watu wanakuja wenyewe, wazee kwa vijana, wananiamkia ili niitikie, wanakimbia hatua tatu, wanarudi wakicheka, wananunua. Kwa hiyo hofu yangu ile ya zamani imekwisha. Iliyobaki ni moja.

Kila asubuhi nikipanga soksi, Mangi anatoka kufungua mlango wa chuma. Mimi ni mdogo kwake, naanza mimi. "Shikamoo, Mangi." Anasimama na ndoo mkononi. Ananitazama. Hajibu. Anasema shikamoo zake zote za stoo bado sijaziitikia, na ile marahaba ya Buguruni haikuwa yake, ilikuwa ya Mangi wa kwenye skrini. Nangoja kidogo, nasema tena, "Shikamoo." Hapepesi. Mteja wa kwanza, kama yupo, anaacha kutafuna.

Mara ya tatu huwa sisemi, isije ikaitikiwa na mtu mwingine kule ndani gizani. Miaka sita ya uzoefu, wadogo zangu, na huwa nainua meza yangu naisogeza mbele kidogo, kwenye jua.